Karatasi Mbili Ulizoziona

Jumatano, jioni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua tangu ulipokubali kuviacha vile viatu vya kazini. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala kiasi. Hayo mengine utayajua ukifika chini, na nakuomba sana usirukie chini sasa hivi. Nakufahamu. Hata kitabu cha hadithi unaanzia mwisho ili ujue kama kuna msiba, ndipo unarudi mwanzo ukiwa umetulia. Leo nisome kwa mpangilio, tafadhali, mstari kwa mstari.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo na salio lipo. Sababu ni kwamba kwenye simu wewe hunikatiza, na safari hii ningefurahi kukatizwa. Nimejaribu mara mbili kukupigia. Mara ya kwanza ulianza habari za bomba la jikoni, mara ya pili ulianza habari za kikao, na mara zote mbili nilikata simu nikiwa nimeshukuru moyoni kwamba hukunipa nafasi. Karatasi haina haraka. Nitaituma kesho asubuhi kwa posta ya haraka, na wameniahidi kwamba Ijumaa utakuwa nayo mkononi.

Ujumbe wako wa Jumapili niliupata. Umeniambia kila kitu kiko tayari: Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwako, baba mkubwa atakuwepo, wajomba wawili watakuwepo, na kaka wa mke wangu ameitwa aje kuambiwa rasmi kwamba dada yake abaki huko huko alikokwenda. Umesema mimi sina kazi yoyote siku hiyo zaidi ya kuvaa shati lililopigwa pasi na kukaa kimya, kwa sababu zile karatasi mbili zinajieleza zenyewe: ya kwake inaonyesha ugonjwa, ya kwangu haionyeshi. Umezitoa nakala nne nne na kuzipanga kwenye bahasha. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, Dada, ingawa si habari ya kuchekesha. Miaka thelathini umekuwa karani wa masjala, na kwako kitu chenye muhuri na sahihi kimekwisha, hakuna wa kukibishia. Ndiyo maana nataka nikueleze kwanza karatasi kama hizo zinazaliwaje.

Wewe umezoea kuwaambia watu kwamba mdogo wako anafanya kazi na madaktari wakubwa. Ukweli ni kwamba nafanya kazi na mikojo. Chumba chetu kiko mwisho wa korido, baada ya chumba cha sindano, na kina kidirisha kidogo ambacho watu wanapitishia chupa zao huku wamegeuza uso pembeni, kana kwamba chupa imejileta yenyewe. Ndani kuna meza mbili ndefu, friji ya sampuli, darubini, na ile mashine mpya ambayo haipendi joto, kwa hiyo yenyewe ina feni na sisi hatuna. Mkuu wetu ni mama mmoja mwembamba, miwani yake ina kamba, na tumempa jina la Bi Lebo. Chupa isiyo na lebo haipokei. Yenye lebo iliyokaa upande anairudisha. Wanasema siku mwanawe alipoolewa alikagua kadi za mwaliko zote mia mbili, na mimi naamini.

Wanaokuja pale kwa ajili ya magonjwa ya zinaa ni wengi kuliko unavyodhani, na si wale unaowadhania. Wanakuja wanaume kwa wanawake, vijana na wenye mvi. Damu tunachukua kwa wote, kwa ajili ya kaswende na virusi. Lakini kwa kisonono na klamidia njia zinaachana. Mwanamke hupewa kijiti chenye pamba, muuguzi anamchukulia au anajichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, kwa sababu kwake mkojo unaweza kukosa kile ambacho kijiti kinakipata. Mwanamume tunamwomba mkojo. Hapo ndipo vichekesho vinapoanza. Kuna mmoja aliyeleta chupa ya soda ya nusu lita imejaa hadi shingoni, akauliza kama inatosha au aongeze. Mwingine alikuja na mkojo wa kutoka nyumbani ndani ya chupa ya jamu, bado ina picha ya matunda. Bi Lebo aliitazama chupa ile kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa upole kama jamu yenyewe iliisha.

Maelezo ninayowapa wanaume nimeyasema mara nyingi mpaka mke wangu aliniambia nayasema usingizini. Usiwe umekojoa kwa muda wa saa nzima kabla ya kipimo. Ukiingia, kinga ule mkojo wa mwanzo kabisa, kidogo tu, usiuache upotee. Wa katikati hatuutaki. Sababu yake ni rahisi: vimelea hukaa kwenye njia yenyewe ya mkojo, na ule wa mwanzo ndio unaovisomba. Wa katikati unapita njia iliyokwisha kuoshwa. Mtu akikinga wa katikati, tena baada ya kunywa maji mengi, anaweza kuwa na ugonjwa na karatasi ikatoka safi kabisa. Mashine haijui habari za mtu. Inajua kilichomo kwenye chupa, basi.

Jambo la pili nataka ulisikie vizuri, kwa sababu nililisikia likisemwa nyumbani kwako na hakuna aliyelipinga. Mlisema kwamba mwanamume angekuwa na kitu angejua, mwili ungemwambia. Hapana, Dada. Klamidia inaweza kukaa ndani ya mwanamke mwaka na zaidi bila kumsumbua, na wakati huo inamharibia mirija ya uzazi. Na mwanamume naye anaweza kukaa nayo asijue, au akasikia mwasho siku mbili, ukapotea, akajiambia ni upungufu wa maji. Kwa hiyo anayeonekana mgonjwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeuleta. Mara nyingi ni yule tu aliyekwenda kupima.

Sasa nikusimulie habari ya mtu mmoja, maana yeye ndiye aliyenifikisha hapa. Nitamwita Kinyozi. Si kinyozi, kazi yake nimeibadilisha kwa makusudi, kwa sababu siri ya mgonjwa ni siri, na wewe ukipewa ncha ya uzi huachi mpaka umefika kwenye nguo. Alikuja Alhamisi moja, yapata wiki mbili sasa, akiwa na mke wake. Mke alikuwa ametumwa na mkunga kwa sababu ya maumivu ya tumbo la chini. Aliingia nyuma ya pazia, akamaliza, akatoka, akakaa. Kinyozi yeye alisimama tu pale mlangoni anaongea. Alimchekesha mlinzi, alimchekesha mama aliyeleta choo cha mtoto, hata Bi Lebo aliinua kichwa. Nilipomwambia kwamba na yeye anatakiwa kupima, alisema hakuna haja, mke wake akishapimwa basi na yeye kapimwa, wao ni kitu kimoja tangu siku ya ndoa.

Hilo tunalisikia kila wiki. Kuna wanaume wanaotembea na kadi ya kliniki ya mke mfukoni, wakiulizwa kama wamepima wanaitoa. Nikampa hotuba yangu, nikampa chupa. Akaipokea, akaacha utani. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sasa, ile habari ya saa nzima ina uzito kiasi gani. Nikamwambia ina uzito. Akakiri kwamba dakika chache tu zilizopita, kwa woga, alikuwa ameingia chooni.

Dada, angeweza kunyamaza. Nisingejua. Angeingia, akakinga alichokinga, akanipa, nami ningebandika lebo. Badala yake alirudi kwenye benchi, akakaa karibu na mke wake, akaiweka chupa tupu juu ya goti. Alikaa saa nzima na dakika zake. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kola ya shati ikabadilika rangi, na mara mbili nilimwona akitazama mlango wa kutokea. Mke wake alimpa kitambaa akajifuta. Saa ilipotimia aliingia, akatoka, akaniletea kiasi kidogo kama nilivyomwambia, akanitazama usoni alipokuwa akinikabidhi. Watu huwa hawafanyi hivyo pale kwenye kidirisha.

Majibu yalitoka Jumatatu. Ya mke yalikuwa hayana kitu. Ya kwake yalikuwa na klamidia. Walipotoka kwa muuguzi wa ushauri walipita kwenye kidirisha changu kuuliza dirisha la dawa liko wapi. Mke alikuwa amekunja uso, macho mekundu, mkoba wameshika wote wawili, kila mtu na mkanda wake. Kinyozi aliniambia, bila mimi kumuuliza, na watu wakiwa kwenye benchi, kwamba ni yeye. Kwamba mke hana kitu, ni yeye. Kisha akashukuru na wakaenda. Sijui kama walifika nyumbani wakiwa pamoja. Ninachojua ni kwamba siku hiyo sikuweza kula chakula cha mchana, na mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama nina malaria.

Vuta kiti sasa. Kama umesimama, kaa.

Mwaka jana, nilipopelekwa yale mafunzo ya wiki sita ya kutumia mashine mpya, nilikuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Sitamsema vibaya, hakunilazimisha, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu zote na pete yangu kidoleni. Niliporudi nyumbani nilisikia mwasho kwa siku mbili, ukapotea, na mimi, ambaye kazi yangu ni hiyo, nikajiambia ni upungufu wa maji. Sikupima. Niliendelea kuwapima wengine asubuhi hadi jioni.

Miezi mitatu iliyopita mke wangu alianza kuumwa tumbo la chini. Hakuja hospitali yetu, alikwenda kliniki ya wanawake iliyo karibu na shule anakofundisha. Baada ya siku nne akaja na karatasi ya majibu: klamidia. Aliiweka mezani, katikati ya vikombe vya chai na madaftari ya hesabu aliyokuwa akiyasahihisha, akasema hataki ugomvi wala historia. Yeye ameshaanza dawa, nami nikapime nitibiwe, halafu tutazungumza tukiwa wazima. Hayo tu. Hakuniuliza nilikuwa wapi na nani. Mlango aliuacha wazi kabisa, ilikuwa ni mimi kupita.

Kesho yake nilifika kazini kabla ya wote. Nilikunywa jagi zima la maji. Niliingia chooni mara mbili. Mara ya tatu nikauacha ule wa mwanzo upotee, nikakinga wa katikati, mweupe kama maji ya bomba. Pale kwetu hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kupima sampuli yake mwenyewe, hiyo ni sheria ya Bi Lebo ya siku ya kwanza. Mimi niliibandika namba bila jina, nikaiingiza kwenye mashine kwa mkono wangu, na jibu lilipotoka safi nikajiandikia karatasi. Mashine sikuichezea. Jibu sikulibadilisha. Muhuri uliouona ni wa kweli, sahihi ni ya kweli, tarehe ni ya kweli. Nilichodanganya ni chupa, na nilijua jinsi ya kuidanganya kwa sababu kila siku nawafundisha watu jinsi ya kutoidanganya.

Jioni hiyo nikanunua dawa kwenye duka la mbali, nikazimeza kwa siri mpaka zikaisha. Kwa hiyo hata ukinivuta kwa sikio leo hadi hospitali yoyote unayoitaka, hawatakuta kitu. Kipimo cha kumsafisha mke wangu hakipo tena. Nilikifuta mwenyewe kwa glasi ya maji na vidonge. Limebaki neno langu tu, na hilo nimelificha miezi mitatu.

Nilimpa ile karatasi yangu akiwa amesimama jikoni. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza yeye basi ameupata wapi. Nikamjibu kwamba sijui. Sikumtukana, sikumshutumu, sikupandisha sauti, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba kwa sababu hiyo sikumfanyia ubaya. Lakini lile sijui lilimaliza kila kitu.

Halafu ukaja wewe. Ulikuwa unatafuta mkasi, ukafungua droo, ukazikuta karatasi mbili zimelaliana. Ulimwuliza palepale, na mama yake mzazi amekaa kwenye kiti pembeni, amekuja kumtazama mwanawe mgonjwa. Neno ulilomwita sitaliandika hapa. Unalikumbuka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na friji. Nilifungua mlango wa friji nikainama, nikajifanya natafuta kitu cha kunywa, nikabaki nimeinama humo mpaka nikasikia mama mkwe anaomba aletewe viatu vyake. Dada, nimefanya mambo mengi ya kijinga katika maisha yangu na mengi umeyalipia wewe, lakini hakuna ninaloona aibu kama mgongo wangu siku ile. Siku ya tatu mke wangu alipanga mkoba mmoja akaenda kwa kaka yake. Leo ni wiki ya tano.

Sikulaumu kwa hasira zako. Tangu mama alipofariki umekuwa ukinisimamia, shuleni ulipigana na walimu kwa ajili yangu, na wewe uliziona karatasi mbili ukaamini ile ya mdogo wako. Ungeaminije nyingine? Ulinitetea kwa nguvu zako zote, nami nilikuacha unitetee.

Jumatatu, baada ya ujumbe wako wa kikao, nilimwendea Bi Lebo nikamweleza yote. Alivua miwani. Nilidhani ataniuliza habari za mwanamke au za ndoa. Aliniuliza namba ya chupa. Akafungua rejista, akaitafuta, akaandika mbele yake kwa kalamu nyekundu kwamba sampuli ile haikuchukuliwa kwa utaratibu na jibu lake lisitumike. Akanifahamisha kwamba kuanzia hapo siruhusiwi kutia sahihi jibu la mtu yeyote mpaka uongozi utakapoamua, nitakuwa nabandika lebo. Kisha akasema kwamba yeye ameshasahihisha kwenye rejista yake, na akataka kujua nakala za jibu lile ziko kwa nani. Nikamwambia ziko kwa dada yangu, nne, kwenye bahasha. Akavaa miwani yake akaniambia basi najua pa kwenda.

Lakini niliona si haki wewe ujue kabla ya mke wangu. Jana baada ya saa za shule nilikwenda kwa kaka yake. Nilimkuta mke wangu barazani na rundo la madaftari, kalamu mkononi. Sikukaribishwa kiti, nikasimama. Nilimweleza kila kitu kama nilivyokuandikia wewe, mafunzo, mwasho, jagi la maji, vidonge. Aliendelea kusahihisha mpaka akafika mwisho wa ukurasa, akaweka alama, akalifunga lile daftari.

Aliniambia kwamba alijua. Alijua tangu pale jikoni, kabla sijamaliza kusema sijui. Alisema yeye hakuhitaji kipimo kujua amelala wapi miaka yote hii. Nilipomwuliza kwa nini basi hakusema, alinijibu kwamba angesema nini, na nani angemsikiliza, mbele ya karatasi yenye muhuri wa mahali ninapofanya kazi mimi. Alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Alidhani ningesema kesho yake. Kisha akadhani ningesema pale ulipomwita lile neno, na mama yake anasikia. Kisha akadhani ningesema alipokuwa anafunga mkoba, ndiyo maana alikunja nguo zake polepole vile. Alisema wiki mbili za kwanza hapo kwa kaka yake alikuwa bado anasubiri, halafu asubuhi moja aliamka akiwa amechelewa shuleni, akakimbia, na alipofika darasani ndipo alipogundua kwamba hasubiri tena.

Hakulia, Dada. Mimi ndiye niliyelia, na alinipa muda nimalize kama wanavyopewa wanafunzi.

Nilimwomba arudi. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema hilo ni lake, atalitazama kwa wakati wake, na nisimtumie mtu. Jambo moja tu alilitaka, na halikuwa kwa ajili yake mwenyewe. Mama yake tangu siku ile hajaenda kwenye chama chao cha akina mama, anasema kichwa kinamuuma, kila wiki kichwa. Mke wangu anataka mama yake asikie maneno mengine kutoka kwenye kinywa kile kile kilichotoa lile la kwanza. Kinywa hicho ni chako, Dada. Nami nakuomba, kwa yote uliyowahi kunifanyia, uende. Ningeenda kwa niaba yako kama ingewezekana. Kwa mama mkwe nitakwenda kwa sehemu yangu, lakini sehemu yako siwezi kukubebea.

Najua sasa hivi umevua miwani. Najua utalia kwanza, kisha utanitukana, na matusi yako nayasubiri kwa sababu ni yangu halali. Usimfiche shemeji barua hii. Watoto waambie mjomba anawasalimu, na yule mkubwa mwambie mtihani wake namwombea. Msalimie jirani yako wa juu pamoja na fundi wa bomba, kama hatimaye amekuja.

Kikao usikivunje. Wazee waje, chai ichemke, na kaka wa mke wangu aje kama alivyoitwa, ila umwambie kwamba hataambiwa habari za dada yake. Mimi nitafika saa tatu na nusu. Kiti ulichonitengea pembeni, nilichotakiwa kukikalia kimya, kiweke katikati, uwasomee wote barua hii bila kuruka mstari. Kikao hicho ni changu.

Wako anayekupenda na asiyestahili ulivyompigania,

Mdogo wako, Mziwanda